Leza ya daktari wa macho na leza ya kuchezea

Mtoto akirudi nyumbani na kalamu inayopiga nukta nyekundu au ya kijani ukutani, usidhani ni tochi. Ni leza. Mwanga wa tochi husambaa, lakini wa leza hubaki umekusanyika, na lenzi ya jicho huubana zaidi hadi uunguze retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Retina haihisi maumivu, hivyo mtoto anaweza kuumia na asilie.

Mbona basi madaktari hufanyia upasuaji wa macho kwa leza? Tofauti kubwa ni muda. Baadhi ya leza zao hutoa mipigo ya femtosekunde: gawa sekunde moja mara milioni, kila kipande mara milioni tena, kisha mara elfu. Mpigo huisha kabla joto halijasambaa, hivyo hukata pale tu palipokusudiwa. Jambo hili lilionekana kwa bahati mbaya mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Mwanafunzi alipigwa jichoni na leza ya aina hiyo, na daktari akashangaa jinsi jeraha lilivyokuwa dogo na safi. Lakini lilikuwa jeraha.

Ili kupata mipigo hiyo, ndani ya leza huwekwa kitu kama mlango: humeza mwanga hafifu na kupitisha ule mkali. Watafiti wanajaribu kutengeneza mlango huo kwa semikondakta nyembamba mno, mojawapo molibdenamu disulfidi. Tabaka zake karibu laki moja ndizo zinafikia unene wa unywele. Mafundi wa mitambo migodini, Geita au Kahama, wanaifahamu kwa sura nyingine: ndiyo unga mweusi ulio kwenye baadhi ya grisi. Matumizi hayo ya leza bado yako maabara zaidi kuliko hospitalini.

Kwa nyumbani, usimnunulie mtoto leza. Kibandiko kikisema ni salama usikitegemee, maana nyingi zimepimwa zikakutwa na nguvu kuliko iliyoandikwa. Kama baba hutumia leza ya kupimia kazini, isiachwe mahali mtoto anafikia.

Akishamulikwa, mzibe jicho moja, kisha jingine, umuulize anaona nini. Akiona doa katikati, mistari iliyopinda au ukungu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Hata asiposema kitu, apimwe. Usimtie maziwa ya mama, asali wala dawa ya majani. Kwa Shinyanga na Geita, mojawapo ya hospitali za rufaa za kanda ni Bugando, Mwanza.