Ukienda Kisiwa Panza, Ulale Wapi? Haki ya Mgeni na Haki ya Mwenyeji

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Kila inapokaribia Sikukuu, au panapotokea harusi au msiba, suali hili huturudia. Jamaa kutoka Unguja na Dar es Salaam hushuka bandari ya Mkoani, wakaenda kwa gari hadi Chokocho, kisha wakavuka kwa chombo hadi Kisiwa Panza. Huko wana ami, wana shangazi, wana ndugu wa kunyonya. Wanauliza: tufikie kwa nani? Na tukilala nyumba ya wageni Mkoani tukavuka mchana kuwatazama jamaa, je, tumekata udugu?

Jawabu kwa ufupi: hamkukata udugu. Udugu huungwa kwa kuzuru, kwa salamu na kwa kusaidiana. Mahali pa kulala huchaguliwa kwa kutazama mambo matatu: uwezo wa mwenyeji, sitara ya watu wa nyumba, na usalama wa mgeni mwenyewe.

Ngamia wa Mtume (S.A.W.)

Alipoingia Madina, kila ukoo ulitaka Mtume (S.A.W.) afikie kwao. Yeye akawaambia wamwache ngamia wake aende, kwani ameamrishwa. Ngamia akapiga magoti, na Mtume (S.A.W.) akafikia kwa Abu Ayyub al-Ansari (R.A.). Hapana ukoo uliovunjika moyo, kwa sababu hapana uliopendelewa kwa matashi ya mtu.

Tutazame pia alivyokaa. Nyumba ilikuwa na ghorofa, naye akachagua chini, kwa kuwa ilikuwa wepesi kwake na kwa wanaomzuru. Abu Ayyub na mkewe waliona uzito kukaa juu ya Mtume wa Allah. Usiku mmoja mtungi wao wa maji ulivunjika, wakakausha maji kwa nguo yao ya kujifunikia, wakiogopa yasimdondokee. Baadaye Mtume (S.A.W.) alikubali kuhamia juu. Mgeni bora kuliko wageni wote alitazama raha ya mwenyeji wake, na alipoona dhiki akabadilisha mahali.

Siku tatu

Katika Hadithi Sahihi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa mgeni hukirimiwa mchana mmoja na usiku wake, ugeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Akakataza mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji katika dhiki. Wanavyuoni wengi, akiwemo Imamu Shafi, wameona kumkirimu mgeni ni sunna iliyotiliwa mkazo. Imamu Ahmad ameona ni wajibu kwa mchana na usiku wa kwanza. Wahenga wetu nao walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Basi mwenye kutaka kukaa wiki nzima na watoto watano asimfikie jamaa ambaye riziki yake ni ndoana na bahari ya siku hiyo. Mvuvi huyo hatosema kitu. Atakopa mchele dukani, atawalaza wanawe sakafuni, na wageni wakishaondoka atabaki na deni. Kama ni lazima kukaa, mgeni aende na mchele, unga, mafuta na sukari, na amkabidhi mama wa nyumba siku ya kwanza, si siku ya kuaga. Na apige simu kabla ya kusafiri.

Sitara ya nyumba

Nyumba nyingi za kwetu zina vyumba viwili au vitatu na ukumbi. Hapo ndipo mambo huharibika kimyakimya. Muamu na mke wa kaka yake si maharimu, wala mtoto wa ami na binti wa ami. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya jamaa wa mume kuingia kwa mke, alitoa onyo kali mno, akamfananisha na mauti. Kwa hiyo ikiwa mwenye nyumba ni mvuvi anayelala baharini, mwanamume asiye maharimu wa mkewe asilale humo. Atafute nyumba yenye kijana au mzee mwanamume, au alale msikitini kwa idhini ya wasimamizi. Abdullahi bin Umar (R.A.), alipokuwa kijana hajaoa, alikuwa akilala katika msikiti wa Mtume (S.A.W.).

Nyumba ya wageni

Wapo wanaoona aibu kwa jina la gesti. Katika Surat An-Nur, baada ya kuamrishwa kupiga hodi na kutoa salamu, Allah (S.W.) ameondoa dhambi kwa anayeingia nyumba zisizokaliwa ambazo ndani yake yana manufaa. Miongoni mwa wafasiri wapo waliosema ni nyumba zilizowekwa kwa wasafiri. Sharti ni pawe pasafi, pasiuzwe ulevi wala pasijulikane kwa uchafu. Ukilala Mkoani, uliza mapema maji yanajaa na kutoka saa ngapi. Wala usivuke usiku kwa chombo kilichojaa kupita kiasi kwa kuogopa maneno ya watu; kuhifadhi roho kunatangulia.

Chakula cha mgeni

Mgeni asitamani kitoweo ambacho mwenyeji hakukiweka. Na yuko mnyama mmoja ambaye asile wala asilishwe: kasa. Machi 2024, hapo hapo Kisiwa Panza, watu 9 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, 8 kati yao wakiwa watoto, na watu 78 walilazwa hospitali. Allah awarehemu. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Katika madhehebu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kuwa kasa haliwi. Na hata anayefuata kauli ya kuruhusu, chenye kudhuru hakiruhusiwi na yeyote. Ukiletewa sahani hiyo, kataa kwa upole na waambie watoto wasiiguse.

Kwa mwenyeji

Nanyi wenyeji, semeni ukweli. Katika sura hiyo hiyo, anayeambiwa arudi ameelekezwa arudi, na hilo ni safi zaidi kwake. Kusema "leo nyumba yangu imejaa, lakini chakula cha mchana ni kwangu" si ubakhili. Ubaya ni kumpokea mtu kwa kicheko kisha kumsengenya akishavuka.

Mwisho, msafiri aliyenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, atakamilisha Sala zake kwa madhehebu ya Shafi. Aliye chini ya hapo ana ruhusa ya kupunguza, akilala Mkoani au Kisiwa Panza.

Tunamuomba Allah azitie baraka nyumba zetu na aijaalie misafara yetu iwe ya kheri. Wallahu aalam.