Algorithimu haiulizi jinsia, lakini inauliza simu ni ya nani

Mwishoni mwa mwaka 2021, kaka na dada wa Kimasai kutoka kijiji cha Mindu Tulieni, mkoa wa Pwani, walisimama mbele ya simu wakachezesha midomo kufuata wimbo wa Kihindi, "Raataan Lambiyan", wa filamu ya Shershaah. Kaka alifuata sauti ya kiume, dada ya kike. Klipu ikavuka bahari. Tarehe 27 Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwataja wote wawili, Kili Paul na Neema, katika kipindi chake cha redio, Mann Ki Baat.

Sasa fungua Instagram leo uwatafute. Wafuasi wa Kili wanahesabiwa kwa mamilioni. Wa Neema ni sehemu ndogo tu ya hao. Familia moja, kijiji kimoja, na klipu iliyowatoa ni ile ile. Kwa sisi tunaosoma mambo ya jinsia na mitandao, mfano kama huu ni adimu. Si jaribio la maabara, kwa sababu Kili amerekodi mengi peke yake na amealikwa sehemu nyingi peke yake. Lakini vitu vingi ambavyo kwa kawaida tungebishania, kama vile lugha, mavazi na mandhari, hapa vimeshaondoka mezani.

Watu wakiulizwa sababu, hutoa jibu moja kati ya mawili: kwamba watazamaji wanapenda wanaume zaidi, au kwamba Kili ana kipaji zaidi. Yote mawili yanaruka jambo dogo sana: klipu zilizosambaa zilitoka kwenye akaunti yenye jina la Kili. Mtu wa Mumbai akiipenda, kidole chake kinakwenda kwenye jina lililoandikwa pale juu. Hakuna aliyekaa akachagua kumfuata mwanamume badala ya mwanamke. Amefuata akaunti.

Na kuanzia hapo hesabu inajiendesha. Mwanasosholojia Robert Merton aliandika mwaka 1968 kuhusu wanasayansi wenye majina makubwa wanavyozidi kupewa sifa hata kwa kazi waliyofanya na wengine. Mwaka 1999 Albert-László Barabási na Réka Albert wakaonyesha kihisabati kwamba mtandao wowote ambamo mgeni anapendelea kujiunga na aliyekwisha kuwa na viungo vingi huishia na wachache wenye vingi mno na umati wenye vichache. Aliye nacho huongezewa, mambo yenyewe ndiyo hayo.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts, lililotoka mwaka 2006. Walitengeneza soko la muziki la mtandaoni, wakaweka nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wakapata washiriki 14,341. Kundi moja lilisikiliza na kupakua bila kujua wenzao wamechagua nini. Wengine waligawanywa katika "dunia" 8 zilizotengana, kila moja ikiona idadi ya upakuaji wa dunia yake tu. Nyimbo zile zile, wasikilizaji wa aina ile ile. Matokeo? Pale watu walipoona idadi, pengo kati ya wimbo wa juu na wa chini lilipanuka, na kila dunia ikatoa orodha yake ya washindi. Nyimbo nzuri sana zilianguka kwa nadra, mbovu sana zilipanda kwa nadra, lakini zile za katikati zingeweza kutua popote. Na wengi wetu, tuseme ukweli, ni wa katikati.

Hebu tupige hesabu ndogo. Tuseme watu wawili wanaposti video za ubora sawa, na kila mara mtandao unapoipeleka video kwa wimbi jipya la watazamaji, mmoja anapata 90 pale mwenzake anapopata 100. Tofauti ya 10% tu, hata hutaiona. Baada ya mawimbi 10 mfululizo, wa kwanza amebaki na takriban 35 kwa kila 100 za mwenzake. Hakuna aliyembagua waziwazi. Kwa hiyo swali zuri la kiutafiti ni hili: hiyo 10% ya mwanzo inatoka wapi?

Wengi wanaitupia algorithimu lawama yote. Mwaka 2012 YouTube iliacha kutanguliza idadi ya mara video ilivyofunguliwa, ikaanza kutanguliza muda watu wanaokaa wakitazama. Mwaka 2016 wahandisi wake, Paul Covington na wenzake, walichapisha maelezo ya mfumo wa mapendekezo. Ndani yake jinsia imo, ila ni jinsia ya mtazamaji, ikiingizwa kama namba pamoja na umri wake. Jinsia ya aliyetengeneza video haikutajwa kama kigezo. Mashine inataka kujua utatazama dakika ngapi, basi. Lakini ili akupe dakika hizo, anayetengeneza video lazima awe na simu, bando, muda, na mara nyingi uso. Twende Micheweni tukaviangalie hivyo kimoja kimoja.

Simu kwanza. Ripoti ya GSMA ya mwaka 2024 inasema kwamba kusini mwa Sahara mwanamke ana uwezekano mdogo kwa 32% kuliko mwanamume wa kutumia intaneti kwenye simu. Kwa wasioijua Micheweni: ni wilaya ya kaskazini kabisa mwa Pemba, kwenye Konde na msitu wa Ngezi, Tumbe na soko lake la samaki, na mashamba ya mwani pwani nzima ya mashariki. Kwetu simu janja mara nyingi ipo nyumbani, lakini ni ya baba au ya kaka. Binti akitaka kurekodi anaazima. Kilichoazimwa hurudishwa, na akaunti hubaki ndani ya simu yenye nywila ya mwenyewe. Ni hadithi ya Kili na Neema, ila bila ya Modi.

Muda ni jambo la pili. Tangu kilimo cha mwani kianze Zanzibar mwaka 1989, wakulima wengi wamekuwa wanawake, na mwani haungoji mtu: bamvua likifika, maji yakitoka, unashuka baharini. Mtandao nao unataka uposti kwa mpangilio usiokatika. Kalenda mbili hizi hazisomani hata kidogo.

Uso sasa, na hapa nitakaa kidogo. Mwaka 2014 Saeideh Bakhshi, David Shamma na Eric Gilbert walichambua picha zaidi ya milioni 1 za Instagram. Picha zenye uso wa mtu zilikuwa na uwezekano mkubwa kwa 38% wa kupata "laiki" na kwa 32% wa kupata komenti. Wakaangalia pia kama uso wa mwanamke unashinda wa mwanamume, au wa kijana unashinda wa mzee. Hakukuwa na tofauti. Ni picha, si video, kwa hiyo tusiuvute utafiti huo kuliko unavyofika. Hata hivyo angalia umbo la jambo lenyewe: zawadi inatolewa sawa kwa kila uso, lakini bei ya kuuonyesha uso haiko sawa kwa wote. Kijana wa Tumbe akijirekodi sokoni anaonekana mchangamfu. Dada yake akifanya vile vile, suala linakuwa la stara, na linajadiliwa na watu ambao hata klipu hawajaiona.

Ndiyo maana video nyingi za wanawake wa pwani, hasa za mapishi, ni za mikono tu. Unaona kanzu hadi kifundo cha mkono, hina, sufuria, mwiko, na sauti. Wakati mwingine hata sauti hakuna, maandishi tu na kaswida kwa mbali. Binti mmoja wa ukoo wetu hurekodi hivyo, na siku moja aliniuliza, "Khalati, mbona zangu haziendi na za kina kaka zinaenda?" Yeye alishajijibu kwamba hajui kupika. Mkate wake wa ufuta nimeula, na tatizo haliko kwenye mkate.

Si kwamba njia ya mikono tu ni mbovu. Binafsi naiona ni ubunifu mkubwa: mtu amepata namna ya kuonekana bila ya kuonekana. Lakini ina gharama yake ya kihesabu. Ili YouTube ikugawie mapato ya matangazo kwa video za kawaida, tangu 2018 sharti lake ni wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kwa video za dakika 5, ni mitazamo 48,000 ya mwanzo hadi mwisho. Watu wakiondoka katikati, kama tunavyofanya wengi, inakuwa 96,000. Sensa ya 2012 iliwahesabu wakaazi 103,816 katika wilaya nzima ya Micheweni. Yaani karibu kila mtu wa wilaya, na watoto wachanga wamo, aitazame nusu ya video yako moja. Ukianza safari hiyo huku umepungukiwa 10%, jua litakuchwea njiani.

Halafu kuna komenti. Inoka Amarasekara na Will Grant wa Australia walisoma komenti 23,005 kwenye video 450 za chaneli 90 za sayansi katika YouTube, wakachapisha mwaka 2019. Chaneli zenye watangazaji wanawake zilipata komenti nyingi zaidi kwa idadi ya watazamaji, na sehemu kubwa zaidi ya komenti hizo ilikuwa juu ya sura zao, au matusi, au kejeli za kijinsia. Amarasekara alipohesabu chaneli 391 maarufu za sayansi, zilizoongozwa na wanawake zilikuwa 32 tu.

Tofauti na Australia ni kwamba huko mtukanaji ni mgeni asiyejulikana. Micheweni mtukanaji huenda ni jirani. Komenti inaandikwa saa kumi jioni, inapigwa picha, inaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kabla ya isha mama ameshaulizwa, "Mwanao kafanya nini tena?" Binti hafungiwi na mtandao. Anaacha mwenyewe, kimyakimya, na klipu yake ya 12 haitengenezwi. Hapo ndipo takwimu za umaarufu zinapotudanganya. Tukilinganisha chaneli za juu za wanawake na za wanaume, tunalinganisha waliobaki. Video ambazo hazikupostiwa hazimo katika jedwali la mtu yeyote.

Najua kuna msomaji ameshasema, "Na Zuchu je?" Swali la haki. Zuhura Othman Soud ni mtoto wa Zanzibar, mama yake ni Khadija Kopa. Alitambulishwa na WCB Wasafi Aprili 2020 na chaneli yake ikafika wafuasi 100,000 ndani ya wiki moja. Kipaji anacho, sibishani. Ila angalia alivyoanza: hakuingia na sifuri. Aliingia kupitia lebo ya Diamond Platnumz, ambaye mwaka huo huo alifikisha jumla ya mitazamo bilioni 1 YouTube. Akaingia pia kwa fani ambayo mwanamke wa Kizanzibari ana nafasi yake jukwaani tangu Siti binti Saad arekodi santuri Bombay mwaka 1928. Kichekesho, uchambuzi wa mpira, video za teknolojia: huko hakuna Siti. Na gharama ilikuwepo pia. Machi 2024 BASSFU, baraza la sanaa la Zanzibar, lilimfungia miezi sita kwa onyesho la Kendwa la mwezi mmoja kabla. Tuwe waadilifu hapa: wanaume nao hufungiwa. BASATA iliwafungia Diamond na Rayvanny Desemba 2018 kwa wimbo "Mwanza". Kwa hiyo siwezi kukwambia kwamba adhabu ile ilitokana na jinsia. Ninachoweza kusema ni kwamba Zuchu alikuwa na lebo ya kumpokea akirudi. Binti wa Wingwi akitulia miezi sita, anaanza upya.

Je, tunaweza kuipima hiyo 10% badala ya kuikisia? Nadhani tunaweza. Mwaka 2015 Lillian MacNell na wenzake, North Carolina, walichukua wasaidizi wawili wa somo la mtandaoni, mwanamke na mwanamume, wakawaacha kila mmoja afundishe kundi moja kwa jina lake na jingine kwa jina la mwenzake. Wanafunzi hawakuona uso wala kusikia sauti. Yule waliyemdhani mwanamume alipewa alama za juu, awe nani kwa kweli. Wanafunzi walikuwa 43 tu, kwa hiyo tuushike kwa tahadhari, lakini mbinu ni safi.

Video za mikono tu zinatupa nafasi ile ile. Video moja ya upishi, mikono imevaa glavu, sauti mbili: moja ya kiume, moja ya kike, maneno yale yale, akaunti mpya mbili zenye majina tofauti, saa ile ile. Jozi moja haitoshi, kwa sababu tumeona katika zile dunia 8 kwamba video mbili sawa zinaweza kuachana kwa bahati tu. Zinahitajika jozi nyingi, na nusu yao sauti ya kike itangulie kupostiwa. Pishi nimeshalichagua: pweza wa nazi, anaingia ndani ya dakika 5, na kwetu wanaume na wanawake wote wanampika.