Umri wa Kipakatalishi: Ni Kiungo Kipi Huchoka Kwanza?

Mwanafunzi anapojiunga na shahada ya uzamili, swali analowauliza wenzake mapema, pengine kabla ya lile la nadharia, ni bei ya kipakatalishi na muda kitakaodumu. Aghalabu hujibiwa kuwa ni miaka mitatu hadi mitano. Jibu hilo si la uongo, ila linapotosha, kwani humfanya mtu adhani kuwa mashine hii huzeeka yote kwa pamoja. Kwa hakika, kipakatalishi ni mkusanyiko wa viungo vyenye umri mbalimbali. Vipo vinavyochoka baada ya miaka miwili, na vipo vinavyoweza kudumu hata mwenye mashine akasahau alikinunua lini. Makala haya yanakusudia kubainisha vipi ni vipi, na hasa kutofautisha kiungo kinachouzwa dukani na kile ambacho kikienda hakina badala.

Tuanze na betri, maana ndiyo hutangulia. Betri ya lithiamu, aina iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1991 na ambayo sasa imo katika vipakatalishi na rununu zetu, haichoki kwa kutumiwa tu. Huchoka hata ikiwa imelala kabatini. Kila inapochajiwa na kutumika, chembe za lithiamu husafiri kutoka ncha moja hadi nyingine, na katika kila safari chache hunaswa zisirudi. Betri nyingi za kawaida hukadiriwa kuhimili mizunguko kati ya 300 na 500 kabla ya uwezo wake kushuka hadi takriban asilimia 80. Baadhi ya zile mpya hufikia 1,000. Mzunguko mmoja si lazima uwe wa siku moja: ukitumia nusu leo na nusu kesho, umehesabu mmoja. Kinachoharakisha uchovu huo ni mambo mawili yanapokutana, yaani joto na kujaa. Kipakatalishi kinachoshinda kimechomekwa kwenye umeme, kimejaa asilimia 100, ndani ya chumba cha mabati saa saba mchana, kinaila betri yake polepole. Mashine nyingi za siku hizi zina mpangilio wa kuizuia betri isipite asilimia 80, japo ni wachache miongoni mwetu wanaojua kuwa upo. Betri ikivimba hadi ikainua kibodi, hilo si jambo la kusubiri. Mashine izimwe, betri itolewe na fundi, wala isitobolewe, kwani huweza kuwaka moto.

Adui wa pili ni joto lenyewe, nalo hushirikiana na vumbi. Ndani ya mashine nyingi mna feni ndogo inayovuta hewa, aghalabu kupitia matundu ya chini, na kuipuliza nje. Hapa niruhusiwe kugusia lugha kidogo. Istilahi yetu imetokana na kitenzi kupakata, yaani kuweka mapajani kama mtoto. Ni istilahi nzuri, lakini mashine yenyewe haipendi kupakatwa, sembuse kulazwa juu ya blanketi. Matundu huziba, joto likakosa pa kutokea, na prosesa ikalazimika kupunguza kasi ili isiungue. Wengi husema kipakatalishi kimezeeka ilhali kimezibwa na vumbi tu. Kadhalika, dawa laini inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kuondolea joto hukauka baada ya miaka kadhaa. Fundi mwenye bisibisi na brashi, awe wa Luthuli Avenue jijini Nairobi au wa mtaani kwako, huitengeneza kasoro hiyo kwa muda mfupi, na mashine iliyokuwa ikinguruma ikatulia. Prosesa yenyewe ni nadra kufa.

Bawaba, kibodi na tundu la chaja havihitaji maneno mengi. Bawaba hukaza, nasi tukaendelea kufungua kiwambo kwa kushika pembe moja, hadi plastiki inayoshikilia skrubu ikapasuka. Tundu la chaja hulegea kwa kuvutwavutwa, na huko pwani hewa ya chumvi huongeza kutu. Vyote hivi hutengenezeka. Hata hivyo, mnunuzi atahadhari na baadhi ya mashine nyembamba za siku hizi, ambazo kumbukumbu yake, na wakati mwingine hata hifadhi yake, imegandishwa kwenye bodi. Humo kiungo kimoja kikifa, bodi nzima hutiliwa shaka.

Sasa nifikie kiungo kilichonisukuma kuandika. Katika diski ya zamani, sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma huelea juu yake bila kuigusa. Mtikiso mmoja wa matatu wakati mashine haijazimika sawasawa unaweza kutosha kuikwaruza. Nilinunua kipakatalishi cha aina hiyo, kilichokwisha kutumika, mwaka wangu wa kwanza wa uzamili. Nilikwenda nacho Lamu kurekodi nyimbo za vugo, nikahamishia rekodi ndani yake, kisha nikakifuta kinasa sauti ili nipate nafasi. Miezi kadhaa baadaye mashine ikaanza kugongagonga kila nilipoiwasha. Nilidhani ni feni. Kwa siku tatu niliizima na kuiwasha, jambo ambalo sasa najua lilizidisha madhara. Ilinipasa kunakili nilichoweza, kisha niiache. Siku ya nne haikuamka. Fundi alibadilisha diski kwa siku moja. Sura ya tatu ya tasnifu niliipata kwa kuwa msimamizi wangu alikuwa na nakala ya karatasi, yenye masahihisho yake mekundu, nami nikaichapa upya. Rekodi sikuzipata. Bibi mmoja kati ya walioniimbia alikuwa amekwisha kufariki.

Hifadhi mpya za chipu hazina kitu kinachozunguka, hivyo hustahimili mtikiso na zina kasi zaidi. Lakini nazo zina kikomo cha kuandikiwa, na mara nyingine hufa ghafla, bila hata ule mlio wa kuonya.

Isitoshe, kuna uzee usiotokana na kiungo chochote. Windows 7 iliachwa bila msaada wa kampuni mnamo Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Vipakatalishi vingi vizima havikubaliwi na Windows 11 kwa sababu ya prosesa zao, nasi huambiwa tununue vingine. Kwa mtu anayeandika tasnifu, mfumo wa Linux, ambao hupatikana bila malipo, huweza kukiongezea kipakatalishi kama hicho miaka kadhaa.

Mashine yangu ya Lamu bado ninayo. Ina betri ya tatu, bawaba moja iliyotiwa gundi na hifadhi ya chipu, na ndiyo niliyochapia makala haya. Kila Ijumaa jioni huichomekea diski ya nje, kisha nakala nyingine nikaituma kwenye barua pepe yangu.