Ritifaa na Haki ya Jina katika Tarakilishi

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Hata hivyo, katika enzi hii ya tarakilishi, yapo majina yanayozimwa na alama ndogo mno: ritifaa. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi uamuzi wa msanifu wa programu unavyogeuka kuwa suala la haki ya mtumiaji.

Katika othografia ya Kiswahili sanifu, ritifaa iliyo katika ng' si alama ya uakifishaji. Ni sehemu ya herufi inayowakilisha nazali ya kaakaa laini. Ndiyo inayotofautisha ng'oa, yaani kutoa kitu kilichoshikilia ardhini, na ngoa, yaani wivu. Lugha nyingine za Kenya huitumia vivyo hivyo. Majina kama Ng'ang'a, Nyang'au na Ng'eno ni ushahidi.

Hali ni tofauti katika SQL, lugha ambayo kwayo programu nyingi huwasiliana na hifadhidata. Humo, ritifaa huonyesha mwanzo na mwisho wa matini. Programu iliyoundwa kwa uzembe ikipokea jina Ng'eno, hudhani jina limekomea kwenye Ng, na herufi zilizosalia huzichukulia kuwa sehemu ya amri. Mnamo mwaka wa 1998 ilielezwa hadharani kwamba wadukuzi wanaweza kuutumia mwanya huu kupenyeza amri zao. Baadhi ya wasanifu wamejikinga kwa kuipiga ritifaa marufuku. Basi fomu humjibu mwenye jina kwamba jina lake si sahihi.

Kinga hiyo humtwika mtumiaji mzigo usio wake. Akilazimika kuandika Ngeno, jina hilo halitalingana na lililo kwenye kitambulisho, na mfumo unaolinganisha herufi kwa herufi utamwona kuwa mtu mwingine. Cheti cha shahada na akaunti ya benki vyaweza kukinzana. Ilhali dawa inajulikana: data hutengwa na amri, hivi kwamba jina lolote hupokelewa kama jina tu. Kwa hivyo, kukataza ritifaa ni hiari ya msanifu wala si lazima.

Aidha, mfumo wa Unicode una ritifaa zaidi ya moja: iliyonyooka, iliyopinda ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, na inayohesabiwa kuwa herufi. Machoni pa msomaji zinakaribia kufanana. Kwa tarakilishi ni alama tofauti. Anayelitafuta jina kwa alama moja huenda asilipate lilipoandikwa kwa nyingine, isipokuwa msanifu amezioanisha.

Hapa ndipo wanaisimu tunapohitajika. Mhandisi huiona ritifaa kama mpaka wa matini. Sisi twaijua kuwa sehemu ya herufi. Tusisubiri kuulizwa. Kabla chuo chochote hakijapokea mfumo mpya wa usajili, wanachama wetu na wadai ujaribiwe kwanza kwa majina yenye ng'.