Linux ni bure, lakini kadi ya picha yaweza kukugharimu

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wengi wadogo wanapotafuta namna ya kupunguza gharama za ofisi, moja ya njia zinazotajwa ni kuachana na programu za kulipia na kuhamia kwenye mfumo endeshi wa Linux.

Sababu zipo. Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazina sifa za kuwekewa Windows 11. Mwenye mashine ya aina hiyo hujikuta akipima kati ya kununua nyingine na kuweka Linux, ambayo kwa kawaida haina ada ya leseni.

Hata hivyo, wapo waliohamia huko, wakafanya kazi vizuri kwa wiki kadhaa, kisha asubuhi moja wakawasha kompyuta na kukuta kioo cheusi. Hakuna kirusi kilichoingia wala mashine haijaungua. Kilichogoma ni draiva ya kadi ya picha.

Jembe la mbunifu

Draiva ni programu inayouwezesha mfumo endeshi kuelewana na kifaa kilichomo ndani ya kompyuta. Kadi ya picha ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye kioo.

Kwa anayeandika barua na kutunza hesabu za duka, kadi ya kawaida inatosha. Lakini kwa mwenye studio ya kuhariri video za harusi, mtengeneza mabango au mchoraji wa ramani za nyumba, kadi hiyo ni jembe lake. Ikigoma, kazi ya mteja inalala.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha. Draiva nyingi zimo ndani ya kiini cha mfumo wenyewe, hivyo kiini kinapoboreshwa, nazo huboreshwa pamoja nacho.

Kampuni ya NVIDIA ya Marekani ilifuata njia nyingine. Kwa zaidi ya miaka 20 imekuwa ikitoa draiva yake ya Linux bila malipo, lakini kwa muda mrefu sehemu kubwa ya msimbo wake ilikuwa imefungwa. Ni sawa na kupewa mashine ya kusaga bure, kisha ikawa na kufuli ambayo ufunguo wake anao fundi wa kiwandani peke yake.

Matatizo yanapoanzia

Kwa kuwa draiva hiyo haimo ndani ya kiini, huunganishwa nacho kwa kipande maalumu ambacho ni lazima kilingane na toleo la kiini lililopo. Mifumo mingi hukitengeneza kipande hicho upya yenyewe kila kiini kinapobadilishwa.

Kazi hiyo ikishindikana, mathalani kwa sababu kiini ni kipya kuliko draiva inavyokijua, kadi hukosa wa kuiongoza. Ndipo kioo kinapobaki cheusi, au picha inapokuja kubwa na yenye ukungu.

Tatizo la pili ni umri. Mwenye kiwanda ndiye anayeamua kadi ihudumiwe hadi lini. Kadi za GeForce 8 na 9, zilizoanza kuuzwa mwaka 2006, zilibaki kwenye draiva ya tawi la 340, ambalo lilifikia mwisho wa huduma 2019. GeForce 400 na 500 zilitegemea tawi la 390, lililokoma 2022. Nyingi za GeForce 600 na 700 zilitegemea tawi la 470, lililokoma 2024. Kwa GTX 900 na GTX 1000, tawi la 580 la mwaka 2025 ndilo la mwisho.

Kwa mnunuzi wa kompyuta za mitumba, namba hizo si mchezo. Kadi inaweza kuwa nzima kabisa, lakini draiva yake ikakataa kukaa kwenye Linux mpya.

Huria nazo zina kikomo

Watalaamu wa kujitolea hawakukaa kimya. Walianzisha mradi wa Nouveau, wakachunguza kadi za NVIDIA zinavyofanya kazi na kuandika draiva huria. Iliingizwa kwenye kiini cha Linux mwaka 2010.

Nouveau huonyesha picha bila mtumiaji kuweka chochote, lakini haikuwa na kasi ya draiva ya kiwandani. Kuanzia kadi za GTX 900, NVIDIA iliweka utaratibu wa programu za ndani zenye sahihi yake, na waandishi wa Nouveau wakashindwa kuipandisha kadi hadi mwendo wake kamili.

Ndiyo maana wengi walivumilia draiva iliyofungwa. Anayetumia Blender kutengeneza katuni, kwa mfano, huihitaji ili kadi yake ya NVIDIA imsaidie kukamilisha picha haraka.

Uvumilivu una mwisho. Juni 2012, akizungumza Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, Torvalds aliitolea NVIDIA lugha kali hadharani na kuionyesha ishara ya matusi kwa kidole mbele ya kamera.

Kampuni ya AMD ilikuwa imeshaanza kubadilika. Baada ya kuinunua ATI mwaka 2006, mwaka uliofuata ilianza kuwapa waandishi wa programu huria maelezo ya kadi zake. Watumiaji wa draiva yake ya zamani iliyofungwa, fglrx, nao waliumia: mwaka 2012 kadi za HD 2000, 3000 na 4000 ziliondolewa kwenye matoleo mapya. Lakini mwaka 2015 draiva huria ya AMDGPU iliingia kwenye kiini. Intel nayo hutumia draiva huria.

Mei 2022 NVIDIA ilifungua msimbo wa sehemu ya draiva inayoungana na kiini, na mwaka 2024 ikaifanya sehemu hiyo kuwa chaguo la kwanza kwa kadi zinazoiweza. Ahueni hiyo inazihusu GTX 16, RTX 20 na zilizofuata. Za nyuma ya hapo hazimo. Sehemu kubwa ya draiva inayobaki nje ya kiini nayo bado imefungwa.

Kabla ya kutoa fedha

Mjasiriamali anayetaka kuhamia Linux anashauriwa kuanza na kadi kabla ya bei. Nenda dukani na flashi yenye Linux, washa kompyuta kwa kutumia flashi hiyo, kisha andika amri ya lspci. Itakuonyesha jina la kadi iliyomo. Linganisha jina hilo na matawi yaliyotajwa hapo juu.

Kama kazi yako ni ya kawaida, kadi ya Intel au AMD itakupunguzia usumbufu. Kama unalazimika kutumia NVIDIA, weka draiva kupitia hazina ya programu ya mfumo wako, kwani huko hupimwa pamoja na kiini. Epuka kupakua faili na kuliweka kwa mkono.

Usiboreshe mfumo siku unayotakiwa kukabidhi kazi ya mteja. Kioo kikiwa cheusi, usikimbilie kufuta kila kitu: mifumo kama Ubuntu huhifadhi kiini cha awali, nawe unaweza kukichagua kwenye menyu ya kuwashia na kuendelea na kazi wakati fundi akitafuta ufumbuzi.

Leseni ya bure ni faida kwa mfanyabiashara mdogo, lakini siku moja ya studio kufungwa yaweza kuila faida hiyo yote.