Ofisi ya Fedha, Darasa na Utafiti katika Ukanda wa Dhahabu

Kusimamia fedha za umma, kufundisha chuo kikuu na kufanya utafiti wa uchumi ni kazi tatu zenye ofisi tatu tofauti. Hata hivyo Tanzania imekuwa na wataalamu waliozibeba zote, ama kwa pamoja ama kwa kupokezana. Profesa Benno Ndulu alifundisha uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaongoza AERC, taasisi ya utafiti wa uchumi yenye makao Nairobi, kisha akawa Gavana wa Benki Kuu kuanzia 2008 hadi 2018. Aliyemrithi, Profesa Florens Luoga, alikuwa mwalimu wa sheria za kodi katika chuo hicho hicho.

Faida ya mchanganyiko huo ilionekana kwenye dhahabu ya Kahama. Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi mkoani Shinyanga. Kamati ya kwanza, chini ya mjiolojia Profesa Abdulkarim Mruma, ilichunguza kilichokuwemo ndani ya makontena. Ya pili, chini ya mchumi Profesa Nehemiah Osoro, ilichunguza uchumi na sheria. Kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikimiliki migodi hiyo, ilipinga matokeo ya kamati hizo. Mwishowe Serikali na Barrick, kampuni mama ya Acacia, walitia saini makubaliano Januari 2020: Serikali ikapata asilimia 16 ya hisa katika kampuni ya pamoja ya Twiga Minerals, na Barrick ikakubali kulipa dola milioni 300.

Mvutano ule haukuwa wa viwango tu. Mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 6, na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ikaongezwa. Halmashauri nayo wakati huo ilidai ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo. Kwa viwango hivyo, dhahabu ya shilingi bilioni 10 ilizaa mrabaha wa milioni 600, ada ya milioni 100 na ushuru wa milioni 30. Hesabu hiyo mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Kazi iko kwenye ile bilioni 10 yenyewe: nani alipima uzito na usafi wa dhahabu, na bei iliyotumika ni ya siku gani? Kodi ya mapato ina ugumu zaidi, kwa kuwa hutozwa kwenye faida. Riba ya mkopo kutoka kampuni mama, au bei ya mtambo ulionunuliwa kwa kampuni dada, inaweza kuimega faida hiyo kabla haijamfikia mtoza kodi. Mkaguzi huyaona hayo kwenye nyaraka. Mtafiti hupima ukubwa wake. Mwalimu huandaa wakaguzi wa kesho.

Kwa wachimbaji wadogo, ushirikiano huo wa mkaguzi, mtafiti na mwalimu unahitajika vilevile. Mwaka 2019 Serikali iliwafutia Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na Machi mwaka huo soko la dhahabu likafunguliwa Geita. Dhahabu iliyokuwa ikitoka kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, na makarasha, yaani mashine za kusaga mawe, na kuuzwa kwa njia za panya ikaanza kufika kwenye mizani rasmi. Ofisa wa mapato huona makusanyo yamepanda. Mtafiti huuliza sababu: ni kufutwa kwa kodi, ni ukaribu wa soko, au ni bei ya dhahabu duniani, iliyopanda kipindi hicho hicho? Bila kutenganisha sababu hizo, sera inaweza kusifiwa kwa kazi isiyoifanya, au kufutwa huku ikiwa inafaa.

Mchanganyiko huu una masharti. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 humtaka ofisa kutunza siri za mlipakodi, hivyo jalada la ofisini haligeuki kuwa mfano wa darasani bila ruhusa na bila kuficha utambulisho. Mtafiti anayetathmini sera aliyoshiriki kuiandika anapaswa kulitamka hilo wazi, na wengine waikague kazi yake. Muda nao ni finyu: msimu wa bajeti haungoji mitihani isahihishwe. Kwa hiyo mwajiri na chuo hupaswa kuandikiana mapema saa za kufundisha, umiliki wa takwimu na haki ya kuchapisha. Masharti hayo yakizingatiwa, halmashauri za Geita, Kahama na Msalala hupata maofisa wanaoweza kuihoji takwimu kabla ya kuitumia kutoza ushuru.