Ukuta Unaosikika

Zamani watu wasioona walipoulizwa wanajuaje kwamba mbele yao kuna ukuta, wengi walijibu kuwa wanauhisi usoni, kama kitu kinachowagusa kidogo kwenye paji na mashavu. Wataalamu nao wakaitafuta siri hiyo kwenye ngozi.

Mwaka 1944 Michael Supa, ambaye mwenyewe alikuwa haoni, alichapisha pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, matokeo ya jaribio lisilo na makuu. Waliwatembeza watu kuelekea kizuizi, baadhi wasioona, baadhi waliofungwa vitambaa machoni. Walipofunikwa uso kwa kitambaa kizito, bado walisimama kabla ya kukigonga. Walipovuliwa viatu wakatembea kwa soksi juu ya zulia, kazi ikawa ngumu zaidi. Walipozibwa masikio, wakakivaa kizuizi. Ngozi haikuwa na lake. Hata walioapa kwamba ni uso, kumbe walikuwa wakisikiliza mwangwi wa nyayo zao wenyewe.

Mwaka huohuo Donald Griffin, aliyekuwa mwanafunzi wa Harvard mwaka 1938 alipothibitisha kwa mtambo kwamba popo hutoa milio tusiyoisikia, aliandika katika jarida la Science makala iliyowaweka pamoja wasioona, popo na rada. Ni kweli, kanuni ni moja. Sauti husafiri hewani takribani mita 340 kwa sekunde. Ukipiga ulimi ukiwa mita moja kutoka ukutani, mwangwi unakufikia baada ya milisekunde 6 hivi. Muda huo ni mfupi mno kusikia milio miwili. Unachosikia ni mlio mmoja uliobadilika kidogo. Jaribu sasa hivi: toa "shshsh" mfululizo, lete kitabu mbele ya mdomo, shubiri moja tu, kisha kiondoe. Mabadiliko hayo ndiyo habari yenyewe.

Popo anatuzidi kwa udogo wa mawimbi yake. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde, na popo wengi walao wadudu hulia juu ya hapo. Mlio wa mitetemo 50,000 una wimbi la milimita 7 hivi, ndiyo maana hata mdudu mdogo huurudisha. Ulimi wa binadamu hutoa mlio wa mitetemo kama 3,000, wenye wimbi la sentimita 11: gari, mlango na mti husikika, lakini kamba ya kuanikia nguo itakukata shingo. Popo akikaribia windo huharakisha milio hadi zaidi ya 150 kwa sekunde. Nondo wengine wana masikio ya kuisikia na hujitupa chini. Wapo hata wanaolia nao ili kumvuruga.

Si popo wote wenye ufundi huu. Popo mkubwa wa Pemba, mla matunda, hutegemea macho na pua. Jamaa yake wa Misri, anayepatikana pia Afrika Mashariki na kulala mapangoni, hupiga ulimi, sawa na mtu.

Anayejulikana zaidi kwa ufundi huu upande wa binadamu ni Daniel Kish, Mmarekani aliyepoteza macho kwa saratani kabla ya kutimiza miaka miwili, na ambaye huendesha baiskeli kwa kupiga ulimi. Mwaka 2011 watafiti waliwapima wasioona wawili mahiri na kukuta mwangwi unaamsha sehemu ya ubongo ambayo kwetu hushughulikia kuona. Ni rahisi kudhani hiki ni kipaji cha wachache. Sidhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, uliwafundisha watu wa miaka 21 hadi 79, wanaoona na wasioona, kwa wiki 10, na wakapiga hatua, wazee kwa vijana.

Fimbo nyeupe haiachwi, na Kish mwenyewe anatembea nayo. Mwangwi hukuambia kuna ukuta, lakini mtaro usiofunikwa hauna cha kurudisha. Vinafaa vifundishwe pamoja, tangu utotoni. Watoto wengi wasioona huanza wenyewe kupiga ulimi au makofi, kisha mtu mzima, akidhani anasonywa, huwanyamazisha.